Mdudu Niliyemsingizia

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Jamani, mtu anastaafu, hana tena pa kuwahi, mnampa saa! Nimeitundika jikoni, inakwenda mbele dakika saba, na hakuna anayejali. Mkaniomba pia niandike chochote cha kuwaachia ninyi maafisa ugani mlioajiriwa juzi. Nadhani mlitegemea mawaidha. Mawaidha sina. Nina wadudu.

Vyeo nitaviruka, maana kila aliyekaa muda mrefu hupandishwa, hata asipojua anachofanya. Nataka niwasimulie jinsi nilivyojifunza kazi yangu nikiwa nimepiga magoti kwenye matuta ya mboga za chainizi nyuma ya nyumba yangu, miaka mingi baada ya kupewa cheti cha kuifanya.

Nilianzia Iringa, binti nikitokea kwetu Iyunga, Mbeya, na begi moja. Nilidhani nitapewa meza. Nilipewa pikipiki, buti za mpira zilizonizidi saizi mbili, na kioo cha kukuzia kilichofungwa utepe mweusi kwenye mpini. Mkuu wangu akasema, "Atupele, hicho kioo ni cha serikali, kisipotee." Kinatumikaje, hakusema. Nikakitia mfukoni, kikakaa humo miaka miwili, kazi yake kubwa ikiwa kunichoma kiunoni nikipanda pikipiki. Kijiji cha kwanza nilichofika, mzee mmoja alinitazama, akatazama barabara nyuma yangu, akauliza, "Bwana shamba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

"Ahaa," akasema, akavuta pumzi. "Basi karibu hivyo hivyo."

Wadudu niliowajua walikuwa wale wa kwenye chati ya chuoni, wamechorwa ubavu, wametulia kama wanapigwa picha ya pasipoti. Mdudu yeyote ambaye hakuwemo kwenye ile chati nilimhesabu mharibifu, nikaagiza apuliziwe dawa. Ilinirahisishia sana maisha. Wakulima walinisifu kwamba nina majibu ya haraka, na mimi nikavimba kichwa.

Kwa kichwa hicho hicho nikafika Ruaha Mbuyuni, kule chini ukishateremka mlima Kitonga, kwenye joto, vitunguu na nyanya. Kulikuwa na kikundi cha wakulima wa nyanya, na shamba zuri kuliko yote lilikuwa la Mama Leokadia. Mwanamke mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kusali alfajiri kabla ya kugusa jembe. Mistari yake ya nyanya ilinyooka kiasi kwamba wenzake walipeleka watoto wao kwenda kutazama. Msimu ule alikuwa amesimamisha kuta za nyumba yake mpya, na kila mtu alijua kwamba hizo nyanya ndizo bati.

Aliniita kwa sababu ya mdudu. Mweusi, mrefu kama punje ya mchele, ana miiba mgongoni na madoa ya rangi ya machungwa ubavuni, anatambaa juu ya majani yenye wadudu mafuta. Wenyeji walimwita mamba. Nami nilipomwona nikasema moyoni, kiumbe mwenye sura hii hawezi kuwa na nia njema.

"Puliza, mama," nikamwambia. "Vizibo viwili vya dawa kwa bomba, shamba zima, leo leo."

Mama Leokadia hakusogea. Alikuwa ameshika jani kwa vidole viwili. "Kamwene, mwanangu, usinielewe vibaya," akasema, kwa salamu ya Kihehe. "Mimi huyu namwangalia siku ya nne. Jani simwoni akilila. Anakaa na wadudu mafuta tu. Na anapokaa yeye, naona wanapungua."

Kioo kilikuwa mfukoni mwangu! Kilikuwa kinanichoma kiunoni wakati ule ule anaongea! Kuinama mara moja tu, basi, habari yote hii nisingekuwa nayo. Badala yake nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka hadi leo natamani kujificha chini ya kitanda. Nilimwambia, "Mama, mimi nimesoma."

Akapuliza. Mamba wakafa wote, na wadudu mafuta wengi wakafa nao. Lakini wiki mbili hazijapita, wadudu mafuta waliobaki wakazaana kwa fujo, majani yakanata, yakaota weusi kama yamepakwa masizi, maua yakapukutika. Nilipoitwa tena shamba lilikuwa halitazamiki. Kikundi chote kimesimama, wananisubiri mimi, bwana shamba mwenye majibu ya haraka, nitoe jibu. Nikalitoa. Nikasema mbele ya watu kwamba Mama Leokadia alikosea vipimo, alipima vizibo vibaya.

Hakubisha. Aliingia ndani akaniletea maji ya kunywa, kwa sababu nilikuwa mgeni.

Kuta zile zilikaa bila bati. Na watu wa kikundi, kwa utani ule wa watu wanaoishi pamoja, wakaanza kumwita Mama Kizibo. Kila akiinua bomba, mtu anapaza sauti: "Mama Kizibo, umehesabu leo?" Yule ambaye watoto walipelekwa kutazama mistari yake. Mimi nikarudi Iringa mjini, nikamchora mamba kwa kalamu ya wino, miiba yote, nikaandika juu yake MHARIBIFU, PULIZIA HARAKA. Ofisi ikapenda, ikawa bango, likabandikwa kwenye maduka ya pembejeo na ofisi za vijiji. Nilipongezwa kwa mchoro.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Harilal, maana bila yeye ningestaafu mjinga. Alikuwa na studio ya picha Iringa mjini, yeye na mkewe, ukutani kuna picha ya mungu wao yenye taji la maua, na pazia la buluu ambalo nusu ya mji imepigwa picha mbele yake. Nilikuwa nikienda kwake kusafisha picha za ripoti. Siku moja nikamletea picha za majani yaliyoliwa, akazisogeza karibu na miwani, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Mama Kilimo! Hii picha ya nini? Ya ukungu?"

"Ya mdudu, mzee."

"Mdudu yuko wapi? Amekwenda sokoni?"

Akachukua kamera yangu, kamera ya mkono wa pili niliyoinunua kwake mwenyewe, akachomoa lenzi, akaigeuza mbele nyuma, akaishikilia hivyo hivyo kwa mkono mbele ya tundu. Akanielekezea kwenye kalenda ya ukutani. Mama yangu weee! Niliona nyuzi za karatasi! Niliona wino ulivyosambaa pembeni mwa herufi! Nikapiga kelele dukani mwa watu, mteja aliyekuwa anachana nywele nyuma ya pazia akatoka mbio kutazama kuna nini.

"Sasa sikia," akasema Mzee Harilal. "Fokasi hapa hazungushi. Wewe mwenyewe unasogea, mbele kidogo, nyuma kidogo. Pumzi unatoa, unasimama, unabonyeza. Na shuka chini. Mdudu hana habari na cheo yako."

Hayo ndiyo mafunzo kazini pekee niliyowahi kupata ambayo hayakuwa na chai na posho, na ndiyo pekee ninayoyakumbuka.

Muda si mrefu nikahamishiwa Mbeya, nikarudi Iyunga kwenye nyumba yetu, na nyuma ya nyumba nikalima bustani: chainizi, figili, maharage ya kupanda, mawaridi mawili ya mama mkwe ambayo hayaruhusiwi kuguswa. Hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Baridi ya Mbeya, ile ya Juni na Julai ambayo mnailalamikia kila asubuhi ofisini, ni zawadi kwa mpiga picha wa wadudu. Kabla jua halijapanda, mdudu amekakamaa, hawezi kuruka, ana umande kwenye macho. Unaweza kumsogelea mpaka pua yako imguse. Jua likishafika juu ya paa la jirani umechelewa, nenda kazini.

Nikakata dumu jeupe la mafuta ya kula, nikaivisha flashi ili mwanga ulainike. Shemeji yangu anayefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo akaniletea karatasi nyeupe, pana, ngumu, nikaiweka upande wa pili wa jani irudishe mwanga. Mume wangu, Baba Tumaini, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi, ndiye aliyekuwa ananishikia mwavuli kukikuwa na manyunyu.

"Leo tunampiga nani?" anauliza.

"Nzi."

"Yule wa jana?"

"Mwingine. Huyu ana macho ya kijani."

"Mpe pole zangu," anasema, na mwavuli hautingishiki hata kidogo.

Majirani waliniona kila asubuhi nimeinama kwenye figili, kitenge kimeloa magotini, wakaanza kumwuliza mama mkwe kama kuna tatizo nyumbani. Siku niliyompiga picha vunjajungu ndipo walipohakikisha. Mnajua kwetu mdudu huyo haguswi, ukimwua utavunja chungu au sahani. Yule wangu alikuwa anasali juu ya ua la waridi la mama mkwe, na mama mkwe akasimama mlangoni na sahani zake zote ameziweka kwenye beseni, akasema hatazirudisha kabatini mpaka nimalize. Nilimaliza. Hakuna kilichovunjika, ila glasi moja ya Baba Tumaini, na hiyo aliiangusha mwenyewe kwa kucheka.

Lo, yale niliyoyaona! Nilimwona sisimizi akimpapasa mdudu mafuta mgongoni kwa upole mpaka anamtolea tone tamu. Niliona kwamba nyigu mdogo kuliko nukta anatembea kwa madaha. Miaka yote nilikuwa nimetembea juu ya mambo haya kwa buti za saizi kubwa. Nilikuwa naingia ofisini na tope kwenye viwiko, nafungua kompyuta kabla sijasalimia mtu, na wenzangu wakawa wananizoea.

Ndipo asubuhi moja, kwenye maharage, nikamkuta mamba.

Mkono ulikwenda wenyewe kumminya. Miaka sita nafundisha watu kumwua, vidole vimeshazoea. Lakini mwanga ulikuwa mzuri mno, na miiba yake ina umande, nikasema, acha nimpige kwanza kisha afe. Nikatoa pumzi, nikabonyeza. Nikasogea, nikabonyeza tena. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera sikuona cha ajabu. Nilipoifungua picha kwenye kompyuta ya ofisini, nikaikuza, nikaona miguu. Miguu ya kijani, miembamba, inatoka mdomoni mwake. Mamba alikuwa na mdudu mafuta kinywani, ameshamla nusu.

Niliihesabu miguu ile. Kisha nikamwomba mkuu ruhusa, nikarudi nyumbani mchana kweupe, nikaenda kupiga magoti. Alikuwa palepale. Nikamhesabia: kabla chungwa langu halijaisha kumenywa na kuliwa, alishakula watatu. Jani hakuligusa.

Sikumwua. Kila asubuhi nikawa namtembelea. Siku ya tano akajibandika mkia kwenye jani, akajikunja, akatulia, akawa kidonge cha rangi ya machungwa. Nikamwambia Baba Tumaini, huyu ama anakufa ama anageuka. Wiki nzima sikula chakula cha asubuhi nikiwa nimekaa. Halafu asubuhi moja, baridi kali, kidonge kikapasuka mgongoni. Kikatoka kitu cha manjano, laini, kimelowa, hakina doa hata moja. Sikumtambua. Napiga, nasubiri, napiga, vidole vimekufa ganzi. Jua likaanza kumgusa, na polepole, mbele ya macho yangu, haki ya Mungu, manjano ikaiva ikawa nyekundu, na madoa meusi yakajitokeza moja baada ya jingine.

"Mwe!" nikapiga ukelele. "Ni kibibi! Baba Tumaini, mamba ni mtoto wa kibibi!"

Yule mdudu kibibi mwekundu, mviringo, ambaye kila mtoto amewahi kumtembeza kidoleni! Rafiki wa mkulima, yumo hata kwenye vitabu vya shule ya msingi! Nilikuwa naruka kwenye matuta, nakanyaga figili zangu mwenyewe. Baba Tumaini alifunga mwavuli, akasema, "Hongera." Kisha, kwa sauti ileile, "Si ndiye yule uliyemchora kwenye bango?"

Nikakaa chini kwenye tope. Nilisikia sauti ya Mama Leokadia kana kwamba yuko nyuma ya ua: anapokaa yeye, naona wanapungua. Alikuwa ameona. Bila kioo, bila kamera, kwa macho yake na uvumilivu wa siku nne, alikuwa ameona, na mimi nikamgeuza Mama Kizibo. Nililia. Nasema wazi kwa sababu naandika kwa watu wa kazi hii, na mtakuja kulia pia, afadhali iwe mapema.

Ofisini walinielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wakasema bango litaondolewa, jingine litachapishwa, kimyakimya, hakuna haja ya kujidhalilisha kwa safari ndefu. Nikataka kukubali. Nitakuwa mkweli, nilitaka sana. Bango lingebadilika na jina langu lingebaki safi. Lakini jina la Mama Leokadia lingebaki vilevile, maana bango jipya lisingesema kwamba vizibo vilikuwa sawa.

Nikasafisha picha kumi na moja, ukubwa wa kalenda, nikazikunja ndani ya karatasi ya Mgololo, nikapanda basi. Nililala Iringa kwa Mzee Harilal, ambaye alizipanga zote sakafuni studio, akatembea juu yake kwa soksi, akasema tu, "Sasa umeshuka chini." Asubuhi nikateremka Kitonga.

Kikundi kilikutana kwenye banda la kupangia matenga ya nyanya. Wengi walikuwa walewale. Mama Leokadia alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na nilipoingia mtu mmoja wa pale mlangoni akatania, "Mama Kizibo, mwalimu wako amekuja." Watu wakacheka. Yeye akarekebisha kitenge.

Nikainua picha ya kwanza. "Mnamjua huyu?"

"Mamba!" wakajibu. "Wa kwenye bango lako."

"Tazameni mdomoni."

Mwenyekiti, Mzee Kasian, akaja mbele, akavua kofia, akainama. "Anakula mdudu mafuta huyu," akasema.

Nikaenda moja moja: anakula, ananenepa, anajikunja, anapasuka. Walisogea mpaka nikakosa pa kusimama. Kufika ile ya mwisho, nyekundu, yenye madoa, banda zima likasema "Aaah!" kwa pamoja, na kwa sekunde mbili nikasahau kilichonileta, nikawa nafurahi nao tu. Kisha nikasema.

"Mimi ndiye niliyesema auawe. Nilikosea. Mama Leokadia aliniambia siku ile kwamba huyu halili jani, anapunguza wadudu mafuta. Aliniambia kweli, nikamjibu kwamba nimesoma. Alipuliza kama nilivyomwagiza, vizibo viwili, hakukosea hata kimoja. Shamba lake nililiua mimi. Kisha nikamsingizia mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Mama Leokadia alisimama, akaja mbele taratibu, akachukua ile picha ya kwanza mkononi mwangu, akaitazama muda mrefu kwa kuisogeza na kuirudisha.

"Kwa hiyo niliona," akasema.

"Uliona, mama. Nisamehe."

"Vizibo vilikuwa viwili."

"Viwili, mama."

"Sema tena," akasema. "Yule pale nyuma hakusikia."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, na yule mtaniaji wa mlangoni akaangalia viatu vyake. Mama Leokadia akakunja picha, hakunirudishia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza mara ya pili. Aliniletea maji. Baadaye akanipeleka shambani, tukapiga magoti sote wawili, akaiomba kamera, akabonyeza bila kutoa pumzi, picha ikatoka imetikisika. Akasema mashine yangu mbovu.

Nyumba ile iliezekwa, ilichukua misimu mingine. Jina la Mama Kizibo lilikufa lenyewe, sijui siku gani. Bango jipya mnalo ofisini, lile lenye picha kumi na moja, na kama mmelitundikia makoti nitakuja kuyaondoa.

Wiki ile mliyonipa saa, simu yangu ililia jikoni. Ni Mama Leokadia, siku hizi ana simu ya kupangusa. Ametuma picha: jani la nyanya, kidole chake kimeziba kona, katikati kuna kitu kidogo, cha kijivu, kina manyoya. Chini ameandika, "Huyu ni nani?"

Nikaikuza mpaka ikawa vipande vya rangi. Sikuwahi kumwona. Vidole vyangu, vyenye miaka yote hii ya majibu ya haraka, vilikuwa vimeshaanza kuandika. Nikafuta.

"Simjui, mama," nikaandika. "Wewe umemwona anakula nini?"

Akajibu kwa ujumbe wa sauti. Nilisikia upepo wa kule chini, majani makavu yakivunjika, na pumzi yake akiinama. "Subiri," alisema. "Ndiyo kwanza napiga magoti."

Nikaweka simu mezani, chini ya ile saa yenu, nikasubiri.